Kaka yangu Leicester anaambiwa afikirie kwanza, mimi Tanga naitwa kwa kipaza sauti: tezi dume tupime au tusipime?

Pedali_Tanga

Wakuu, salaam. Nina miaka 54, nauza vipuri vya baiskeli Ngamiani, na nina jambo ambalo siwezi kulizungumza dukani kwangu.

Wiki tatu zilizopita gari la matangazo lilipita mtaani: kina baba wote kuanzia miaka 40 njooni uwanjani, tezi dume bure, kipimo cha damu tu, hakuna kidole. Hilo la "hakuna kidole", yaani daktari hatakupima kwa kidole njia ya haja kubwa, lilirudiwa mara nyingi kuliko tarehe yenyewe. Nikapanda baiskeli, nikaenda. Foleni ndefu, kila mtu anajifanya amekuja kupima presha. Jioni kijana mmoja akanipa karatasi ya kipimo hicho cha damu imeandikwa PSA 6.2, ameizungushia duara kwa kalamu nyekundu. "Mzee, ipo juu, nenda hospitali." Aliyekuwa nyuma yangu akanyoosha shingo kusoma. Ushauri nasaha wangu uliishia hapo.

Nikaenda kliniki moja ya kulipia. Daktari aliitazama karatasi, mimi hakunitazama, akaandika nirudi Jumanne kukatwa kinyama cha tezi kikapimwe saratani. Gharama yake ni sawa na baiskeli mbili mpya, na bima sina.

Usiku nikampigia kaka yangu. Yuko Leicester, ana miaka 57, dereva wa basi. Nilidhani atanihimiza. Kumbe naye ana donge lake: mwezi uliopita alikwenda mwenyewe kwa daktari wake kuomba kipimo hichohicho, na daktari akatumia dakika kumi kumweleza kwa nini huenda asikitake. Akampa kijitabu akasome, akishaamua arudi. Anasema kule hakuna anayekuita. Ukifika miaka 50 unaweza kuomba, basi. Yeye anaamini wanabana matumizi.

Sasa nisaidieni. Wenye mashine zote wanasitasita, sisi tusio nazo tunaitana kwa kipaza sauti. Nani anadanganywa hapa? Marehemu baba alifariki mwaka 2009 mkojo ukiwa umefunga, na hatukuambiwa ni nini. Jumanne niende au nisiende?

Kidume_wa_Chumbageni

Mkuu, walikuahidi hakuna kidole, wamekuletea sindano. Si bora ungekubali kidole tu? 😂 Pole lakini. Mimi siku ile nilipita hapo uwanjani nikasema naelekea sokoni.

MamaMaabara

Pole sana kaka. Nina maswali, na usione haya, nimekaa maabara miaka 16 na hakuna ninachoshangaa. Siku ile ulikwenda kwa baiskeli, umbali gani? Kabla ya hapo ulikuwa na mkojo unaochoma au homa? Umewahi kuwekewa mpira wa mkojo karibuni? Na siku mbili kabla ya kutolewa damu, ulikutana na mke wako? Kuna aliyekuuliza lolote kati ya haya?

Pedali_Tanga

Dada umenivua nguo hadharani. Hakuna aliyeuliza. Baiskeli dakika ishirini na tano, jua kali, kwenda na kurudi. Mkojo ulikuwa unachoma kama wiki mbili kabla, nikanunua sipro duka la dawa, nikameza siku tatu, nilipopata nafuu nikaacha. Mpira hapana. Hilo la mwisho, jibu ni ndiyo.

MamaMaabara

Basi hiyo 6.2 usiiamini wala usiitupe. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi yenyewe, iwe nzima au mgonjwa. Tezi ikivimba kwa umri, ikipata maambukizi, hata ukimwaga mbegu jana yake, inaweza kupanda. Ndiyo maana tunapenda mtu akae siku mbili bila tendo na bila kuendesha baiskeli kwa nguvu, na kama alikuwa na maambukizi ya mkojo asubiri wiki sita hivi. Mstari wa 4 wanaoutumia wengi kusema PSA ipo juu ni wa mazoea, si ukuta. Kati ya wanaume wanne wanaokatwa kinyama kwa sababu namba imepanda, ni kama mmoja tu hukutwa na saratani. Na wapo walio chini ya 4 wanayo.

Kwa hiyo Jumanne usiende. Pima mkojo, maliza dozi kama ulivyoandikiwa na daktari si na muuza duka, kisha rudia PSA maabara ileile. Halafu mtafute daktari wa mfumo wa mkojo, na kidole ukubali. Kidole kinahisi ugumu ambao damu haiusemi. Na historia ya baba yako itaje, hata kama hamna jina la ugonjwa.

Mwl_wa_Hesabu

Bwana Pedali, mimi nina miaka 72, nimefundisha hesabu sekondari miaka 33, naishi Moshi. Naandika hapa kwa jina la bandia kwa sababu wanafunzi wangu wamejaa mitandaoni.

Mwaka 2014 PSA yangu ilikuwa 5.1. Sikuwa na dalili hata moja. Nikakatwa kinyama, wakasema saratani, Gleason 6, yaani alama ya ukali wake. Nilivyosikia "saratani" sikusikia neno jingine, wala sikuuliza hiyo sita ni kati ya ngapi. Sita ndiyo daraja la chini kabisa wanalotoa siku hizi. Wiki ya tatu nilikuwa mezani, tezi ikatolewa. Hospitali siitaji, na mpasuaji sina ugomvi naye, mikono yake ilikuwa safi. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna aliyeniambia ipo njia ya tatu: kukaa na kufuatiliwa, damu kila baada ya miezi kadhaa, kinyama tena ikibidi, kisu siku kikihitajika.

Leo natumia pempasi mbili kwa siku. Namtuma mjukuu dukani, muuzaji anadhani tuna kichanga nyumbani, juzi ameuliza mtoto anaendeleaje. Nikipiga chafya, nimekwisha. Kanisani nakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Mambo ya chumbani yaliishia meza ileile ya upasuaji. Mama watoto hajawahi kulalamika, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Baada ya hapo nikaanza kusoma takwimu, maana ndiyo lugha yangu. Ulaya walianza utafiti mkubwa mwaka 1993, wanaume zaidi ya 160,000 wa miaka 55 hadi 69, kundi moja linaitwa kupimwa, jingine haliitwi. Matokeo ya miaka 23 yalitoka mwaka 2025. Vifo vya saratani ya tezi dume vilipungua kwa asilimia 13. Sawa, kipimo kinaokoa. Sasa fanya hesabu kwa vichwa vya watu: ili kuzuia kifo kimoja, inabidi waalikwe wanaume 456, na kati yao 12 zaidi waambiwe wana saratani. Mmoja anapona kifo. Wale 11 wanabeba jina la ugonjwa, na wengi wao kisu au mionzi, kwa uvimbe ambao pengine wangezikwa nao bila kuujua. Mimi huenda ni mmoja wa 11. Huenda ni yule mmoja. Hakuna mlinganyo utakaoniambia, na nimeutafuta.

Waingereza nao walichukua wanaume 1,643 waliokutwa na saratani ambayo haijatoka nje ya tezi, wakawagawa kwa kura: upasuaji, mionzi, kufuatiliwa. Baada ya miaka 15 waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa 45 tu, na makundi yote matatu yalikaribiana. Mtu mkweli ataongeza kwamba waliofuatiliwa tu, kwao saratani ilisambaa karibu mara mbili ya wenzao. Naongeza, maana sikufundisha kuficha mstari.

Ndiyo maana daktari wa kaka yako alitumia dakika kumi. Hata Marekani wameyumba: 2012 jopo lao la kitaifa lilisema msipime kabisa watu wasio na dalili, 2018 likarudi nyuma likasema wa miaka 55 hadi 69 waamue wenyewe na madaktari wao, kuanzia 70 wasipimwe.

Kidume_wa_Chumbageni

Mwalimu shikamoo. Sasa mbona Biden, rais wa zamani wa Marekani, alikutwa nayo mwaka 2025 ikiwa imeshafika mifupani? Rais mzima, madaktari wamemzunguka, na kipimo chake cha mwisho kilichojulikana ni cha 2014. Hapo kufikiria kwanza kumemsaidia nini?

Mwl_wa_Hesabu

Marahaba. 2014 alikuwa amevuka 70, kwa hiyo ni utaratibu uleule nilioutaja. Umeuliza vizuri, na jibu la kukuridhisha sina.

Binti_wa_Kitale

Shikamoo Mwalimu, pole kwa uliyopitia, lakini naomba nikupinge.

Mzee wangu alikuwa na kinu cha posho. Alianza kuumwa mgongo, tukasema ni magunia. Akapakwa dawa, akanunua tembe, akaenda kwa mkandaji. Mwaka mzima. Alifika hospitali akiwa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki, miguu inaburuta, akiwa na miaka 66. Maabara haikuandika hata namba, iliandika "zaidi ya 100". Uti wa mgongo ulikuwa umejaa.

Daktari akatoa njia mbili: sindano kila miezi mitatu, ambayo tungeuza ng'ombe hadi waishe, au kutolewa kende mara moja, kwa sababu homoni za kiume ndizo zinazoilisha saratani hiyo. Baba zangu wadogo wakakataa pale pale wodini. Mmoja alisema mtu hawezi kuzikwa akiwa pungufu. Mzee akawasikiliza mpaka wakachoka, kisha akasema, "Hizo zimeshafanya kazi yake, watoto saba mnawaona. Mimi nataka usingizi." Usiku wa tatu baada ya upasuaji alilala mpaka asubuhi, mara ya kwanza tangu Krismasi. Tukakaa naye miezi kumi na saba.

Kwa hiyo mkiniambia shida ni kugundua saratani nyingi mno, mimi nauliza, kwa nani? Hizo takwimu ni za watu ambao damu yao inatolewa kila wakiumwa kichwa. Na ni za wazungu. Huo utafiti wa Waingereza wa watu 1,643, karibu wote walikuwa wazungu. Hukohuko Uingereza mwanamume mweusi mmoja kati ya wanne atapata saratani hii maishani, wakati kwa wanaume wote kwa jumla ni mmoja kati ya wanane. Novemba 2025 kamati yao ya upimaji ikatoa rasimu: wanaume wote wasiitwe, weusi nao wasiitwe kwa kuwa ushahidi hautoshi, waitwe tu wenye hitilafu za kurithi kwenye jeni za BRCA, zinazoongeza hatari ya saratani. Yaani hatukuhesabiwa, halafu kutohesabiwa kwetu ndiko kunakotunyima. Kaka yake Pedali arudi kwa huyo daktari na kijitabu chake, adai.

Mwl_wa_Hesabu

Binti, hapo kwenye nani alihesabiwa umenishika. Siwezi kuchukua jibu la darasa moja nikalipa darasa lingine.

Ila nami nikurudishe uwanjani. Kipaza sauti kilichomwita Pedali kilimpa nini? Duara jekundu. Hakuna aliyemuuliza habari ya baba yake, hakuna miadi, hakuna daktari anayemsubiri, na kliniki ya kwanza aliyoingia ilitaka kumtoboa kabla hajapima hata mkojo. Mzee wako asingeokolewa na namba kwenye karatasi. Angeokolewa na mtu wa kumfuatilia baada ya namba.

Na ukiniuliza kama ningerudi 2014 ningepima, jibu ni ndiyo, ningepima. Wiki tatu baadaye nisingekuwa mezani.

Pedali_Tanga

Wakuu, narudi na mrejesho kama nilivyoahidi baadhi yenu sirini. Jumanne sikwenda. Wamepiga simu mara mbili.

Mkojo ulikuwa bado una maambukizi, nimemeza dawa wiki nne kwa maagizo ya daktari. Wiki ya saba nikarudia PSA. Siku mbili kabla nilikuwa nakwenda dukani kwa miguu, majirani wakadhani nimeibiwa baiskeli. Imetoka 4.3. Dada wa maabara, najua utasema si ukuta.

Nimepata daktari wa mfumo wa mkojo, mtu mzima mwenye subira. Kidole kilichukua muda mfupi kuliko kufunga kiatu. Kasema tezi ni kubwa kidogo, laini, hakuna gumu alilolihisi. Kwa sababu ya habari ya baba hataki kuniacha: nirudie baada ya miezi sita, ikipanda nikapigwe MRI Dar kabla ya mtu yeyote kunitoboa. Nikamwonyesha simu, nikamsomea habari ya mzee wa Kitale. Akanyamaza, kisha akaniuliza mgongo wangu ukoje. Nikamwambia mzima.

Kaka naye alirudi. Kasema alimtajia daktari baba yetu na rangi yake, na safari hii hakupewa kijitabu, alitolewa damu. 1.9. Sasa ananipigia kila Jumapili kunikumbusha kwamba yeye ndiye mkubwa na ndiye mwenye tezi changa.

Tarehe ya kurudi nimeiandika kwenye daftari la wadaiwa, ukurasa wa kwanza, maana hilo ndilo daftari ninalolifungua kila siku. Mke wangu kaliona jana, akauliza huyu Tezi ni mteja gani na ananidai nini. Tulikaa mpaka saa sita usiku.