Umdhaniaye ndiye kumbe siye: tupeane uzoefu wa siku ulipomhukumu mtu bila kujijua

Mwenye Uzi

Wakuu, habari za saa hizi. Nyuzi za "nilivyodharauliwa" zipo nyingi na nazisoma zote. Huu naomba uwe wa upande wa pili: siku ambayo wewe ndiye uliyedharau, na hukujua mpaka baadaye. Sisemi chuki ya wazi, maana mwenye nayo anaijua. Nasema ile dhana inayotangulia, unakuta mkono umeshatenda kabla kichwa hakijaulizwa.

Naanza mwenyewe. Kazini huwa nakaa kwenye jopo la usaili. Tuliwahi kuhoji watu wawili kwa nafasi moja, nikampa wa kwanza alama za juu, nikalala usingizi wangu vizuri. Wiki kadhaa baadaye nilikuwa natafuta kitu kwenye daftari nikakutana na maandishi yangu ya siku ile. Wote wawili tuliwauliza habari za kazi iliyowahi kuwaharibikia, na wote walijibu karibu sawa: walikiri kosa, wakabadilisha mpango. Kwa wa kwanza nimeandika "mkweli, anajifunza". Kwa wa pili nimeandika "alishawahi kuharibu kazi".

Jibu lile lile! Tofauti ni kwamba wa kwanza anacheka kama mimi, lafudhi yake kama yangu, na tumepita chuo kimoja. Kama nisingeandika, hadi leo ningeapa kwamba nilitenda haki.

Siku hizi maswali tunayaandika mapema, kila mtu anaulizwa yale yale kwa mpangilio ule ule, na kila mwanajopo anaandika alama zake kimya kabla hatujafungua mdomo. Mdomo wa bosi ukitangulia, alama za wengine wote zinamfuata.

Haya, leteni.

Nesi wa Zamu

Hii inaniuma kuandika. Usiku mmoja nilikuwa na wagonjwa wawili wa tumbo. Baba amekunja uso, kimya kabisa. Mama analia kwa sauti, anaita jina la kila mtu wa kwao. Nikamwendea baba kwanza, na mwenzangu nikamwambia kuhusu yule mama, "Huyu anadeka." Daktari alipokuja kumpima ikawa ni kidole tumbo, akapelekwa upasuaji usiku ule ule. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini neno "anadeka" nililitamka kabla sijamgusa, na mimi mwenyewe ni mwanamke niliyezaa kwa makelele ya kusikika wodi nzima.

Sasa kila mgonjwa namuuliza maumivu yake kwa namba, sifuri mpaka kumi, na naandika namba aliyoitaja yeye, si ninayoiona mimi usoni pake. Presha na mapigo ya moyo vinafuata, ndipo napanga nani aonwe kwanza. Na wakati wa kukabidhiana zamu sipokei maneno kama "msumbufu" au "mkorofi". Ukishapewa neno hilo, mgonjwa humuoni tena, unaliona neno.

Si sisi manesi tu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliwauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari wachanga wa kizungu kuhusu miili ya watu weusi. Karibu nusu walikubali walau dhana moja ya uongo, mfano kwamba ngozi ya mtu mweusi ni nene zaidi. Na waliokubali dhana hizo ndio waliokadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo. Hao ni watu waliosomea mwili, jamani.

Kofia Ngumu

Mimi ni msimamizi wa ujenzi, mwanamke. Nimeshaulizwa "msimamizi yuko wapi?" mara nyingi hadi nimezoea. Kuna siku mteja mmoja...

Mwenye Uzi

Dada samahani nakukatiza, huu uzi ni wa kosa lako wewe 😀

Kofia Ngumu

Najua kaka, ndiko ninakoelekea, tulia. Siku mteja alipoleta mhandisi wake wa kukagua nguzo, walishuka wawili: mwanaume mtu mzima na binti mdogo mdogo amebeba makaratasi. Nikamshika mkono mzee, nikamweleza kila kitu dakika kumi nzima, binti nikamwonyesha pa kukaa. Mzee akaniacha nimalize, kisha akasema, "Mimi ni dereva."

Yaani jambo linalonikera kila wiki, nimelifanya kwa mikono yangu miwili. Sasa nikikutana na kundi la watu nasema jina langu na kazi yangu, halafu nanyamaza, kila mmoja ajitaje. Ni sekunde chache tu.

Pita Njia

Yangu fupi. Alikuja mteja asiyeona, ameongozana na kijana. Nikamuuliza kijana, "Anahitaji nini?" Mteja akanijibu, "Anahitaji uongee naye."

Kalamu Nyekundu

Walimu tumejaa dhambi hii. Nilikuwa nikisahihisha karatasi ya mwanafunzi ninayejua ana akili, akikosea nasema "kateleza kalamu". Yule mwenye mwandiko mbaya akipatia, nasema "kabahatisha". Wanasaikolojia wanalijua jambo hili muda mrefu. Edward Thorndike aliliandikia mwaka 1920 baada ya kuangalia maofisa wa jeshi walivyowapima askari wao: aliyeonekana mzuri kwa jambo moja alipewa alama nzuri hata kwa mambo yasiyohusiana nalo.

Dawa yangu ni ya kienyeji. Wanafunzi wanaandika namba badala ya majina, na nasahihisha swali la kwanza kwa darasa zima, nachanganya karatasi, ndipo naenda la pili. Inachosha mno. Muhula wa kwanza nilipojaribu, mtoto niliyekuwa nimemkatia tamaa alishika nafasi ya nne.

Mwandiko bado unanisumbua, siwezi kuuficha.

Sina Baya

Mnajitesa bure. Mimi nawatendea watu wote sawa, basi. Mkianza kuchunguza kila wazo mtapata wazimu.

Mwenye Uzi

Mkuu, nilikuwa na msimamo huo huo hadi daftari liliponiumbua. Kuna utafiti wa Bertrand na Mullainathan wa mwaka 2004: walituma wasifu wa kazi karibu 5000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, sifa zinalingana, majina tu yanatofautiana. Wenye majina yanayosikika ya kizungu waliitwa zaidi kuliko wenye majina yanayosikika ya watu weusi, kwa takriban asilimia 50. Waajiri wale ungewauliza, wengi wangekujibu kama ulivyojibu wewe. Nyani haoni kundule.

Mlinzi wa Lango

Sina Baya, nisikilize mimi nisiye na utafiti. Nililinda lango miaka sita. Anayekuja kwa miguu namkagua begi hadi mfuko wa ndani. Anayekuja na gari zuri namfungulia na saluti juu. Siku kompyuta za ofisi zilipoibwa, zilitoka ndani ya gari zuri, na saluti nilipiga.

Mkubwa alinibadilishia utaratibu: kila wa tano anakaguliwa, awe nani. Wa tano akiwa mkurugenzi, ni mkurugenzi. Mwanzoni niliona aibu. Baadaye nikaona ni raha, maana hakuna wa kuniuliza "kwa nini mimi?" Namjibu tu, wewe ni wa tano.

Sina Baya

Hiyo ya saluti imenichekesha. Ngoja nifikirie.

Mpimaji

Naongezea kwa wanaopenda majaribio ya mtandaoni. Lipo moja maarufu la kupima upendeleo usioujua mwenyewe, la mwanasaikolojia Greenwald na wenzake, lilitoka mwaka 1998. Unabonyeza vitufe kuunganisha sura na maneno, wanapima kasi yako. Nilifanya mara mbili, mara ya kwanza nikaambiwa upendeleo wangu ni mkubwa, ya pili mdogo. Msilichukue kama kipimo cha malaria. Na mwaka 2019 mtafiti Forscher na wenzake walijumlisha tafiti karibu 500: alama za vipimo vya namna hii zinaweza kusogezwa kidogo, lakini hawakuona kwamba zikisogea, matendo nayo yanabadilika. Ndiyo maana nampenda mlinzi kuliko semina za kutufundisha tusiwe na upendeleo. Semina inataka kunisafisha moyo, yeye kabadilisha lango.

Kimya Kingi

Naomba ushauri, si hadithi tu. Nilikuwa kiongozi wa timu. Mmoja wetu ana kigugumizi. Ripoti bora alikuwa anaziandika yeye, lakini kuzisoma mbele ya wakubwa nilimpa mwingine, kila mara. Nilijiambia namsitiri. Kwenye vikao nilikuwa nammalizia sentensi. Hakuwahi kulalamika. Baadaye cheo alipewa aliyekuwa akizisoma. Sasa ni miaka mitatu, yupo ofisi nyingine. Nimtafute, au ndiyo kutonesha kidonda?

Nesi wa Zamu

Mtafute, ila usiende kutafuta kufarijiwa. Ukianza kulia, yeye ndiye atakayekubembeleza, na hapo utakuwa umemwongezea kazi. Taja ulichofanya kama kilivyokuwa, hilo la "nilikusitiri" liache nyumbani.

Kofia Ngumu

Na uende na kitu mkononi. Bado unaweza kuandika barua kwamba ripoti zile zilikuwa zake.

Mwenye Uzi

Na akianza kuongea, usimmalizie sentensi.

Kimya Kingi

Nimempigia jioni hii. Kwanza alisema hakumbuki. Kisha akanyamaza muda mrefu, nami nikanyamaza. Halafu akazitaja zile ripoti moja moja, na tarehe zake. Zilikuwa kumi na moja. Barua naiandika usiku huu, na ameniomba aisome kwanza.