Tupeane uzoefu: hofu inayovamia ghafla na wasiwasi unaopanda polepole

Mshonaji wa Himbi
Bandugu wa Goma, naanza mimi. Ilikuwa alhamisi, saa nne asubuhi, nakata kitenge cha mteja. Hakuna deni, hakuna ugomvi, hata redio ilikuwa imezimwa. Mara moyo ukaanza kupiga kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Vidole vikaingia ganzi, mkasi ukaanguka, koo likabana. Nikajua ninakufa. Jirani akanimwagia maji kichwani (kitenge cha watu nacho kikalowa), akanipandisha pikipiki. Kufika hospitali, yote yalikuwa yameisha! Wakapima tansio (presha ya damu), wakapima moyo, wakaniambia: "Mama, hauna kitu."

Neno hilo liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Baada ya wiki, daktari mwingine ndiye aliyenieleza. Hofu ya ghafla hufika kileleni kwa dakika chache, mara nyingi hazizidi kumi, halafu hushuka. Wasiwasi hauna haraka: hujengeka siku nzima, hata wiki, karibu kila mara ukiwa na jambo unalolijua. Nyinyi inawajia vipi?

Mama wa Katindo
Yangu ni hiyo ya pili. Mume wangu anafanya biashara upande wa Walikale. Simu yake isipopatikana tangu mchana, tumbo linaanza. Jioni shingo imekuwa ngumu kama jiwe la makoro, lile la volkano. Usiku nahesabu mabati. Sijawahi kuanguka wala kukosa pumzi, ila naweza kukaa siku tatu hivyo, nagombeza watoto bure. Akipiga simu tu, naskia njaa.

Motari wa Ndosho
Mimi ni tangu volkano ya Nyiragongo, Mei 2021. Mlima ulilipuka jumamosi tarehe 22, matetemeko yakaendelea siku na siku, na tarehe 27 tukaambiwa tutoke mjini. Nilitembea hadi Sake na mtoto mgongoni. Mpaka leo lori zito likipita karibu na parsele (kiwanja chetu) na kitanda kikitikisika, ninajikuta nje, nimelowa jasho, viatu sina. Robo saa na imeisha. Sasa dada, ya kwangu ina sababu, lakini inakuja ghafla. Niiweke wapi?

Mshonaji wa Himbi
Kwa nilivyoelezwa, hiyo ni hofu ya ghafla pia. Inaweza kuwa na kichocheo au isiwe nacho. Angalia saa yako: ilipanda kwa muda gani, ikashuka lini?

Muuguzi, Majengo
Niongeze kidogo. Kwenye vitabu vya madaktari, "shambulio la hofu" lina maelezo yake: moyo mbio, jasho, kutetemeka, kubanwa kifua, kizunguzungu, kuona kama unakufa au unapata wazimu. "Shambulio la wasiwasi" ni usemi wa watu tu, ingawa wasiwasi uliokomaa ni ugonjwa kamili na unatibiwa.

Ile ganzi ya vidole inatoka kwenye pumzi. Sisi wa Goma tunajua mazuku, ile gesi ya kabonidioksidi inayolala mabondeni na kuua mbuzi. Mwili nao unahitaji kiasi kidogo cha gesi hiyohiyo kwenye damu. Ukihema mbio unaitoa kupita kiasi, ndipo vidole na midomo vinawasha. Lakini msijifunike mfuko usoni kama wanavyoshauriana mitaani! Toa pumzi polepole, ndefu kuliko unayovuta.

Na mara ya kwanza usijitibu kwa kusoma hapa. Moyo, tezi ya shingoni, upungufu wa damu, sukari ikishuka, vyote vinaweza kufanana na hofu. Kapimwe.

Mwanafunzi wa Kyeshero
Mimi ilinipata mara mbili ndani ya basi. Nyumbani wakasema mapepo, nikaombewa usiku kucha, na kukosa usingizi kukazidisha. Kilichonimaliza si zile mara mbili. Ni miezi mitano niliyotembea kwa miguu hadi chuo, nikiogopa isirudi tena.

Mama wa Katindo
Mwana, na sasa unapanda?

Mwanafunzi wa Kyeshero
Ninapanda, mama. Nakaa karibu na mlango.

Mshonaji wa Himbi
Mimi kitenge kile nilikilipa. Mteja amerudi, ameleta kingine.