Mjadala: Skenes asiuzwe. Pittsburgh Pirates wanunue wapigaji, na wanunue msimu huu huu wa usajili

Wakuu, salaam. Naandika haya Novemba 2025.

Paul Skenes wa Pittsburgh Pirates kachukua mwaka huu wa 2025 tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda Major League, ligi kuu ya besiboli Marekani, na kura zote za nafasi ya kwanza zimeenda kwake. Ana miaka 23. Mji ulitakiwa ushangilie mwezi mzima, lakini kila ninapopita nasikia swali moja: atauzwa kwa nani, na lini? Wengine wanaosema auzwe ni mashabiki wa damu, watu waliokaa kwenye viti vya PNC Park, uwanja wetu wa nyumbani, tangu ulipofunguliwa 2001. Nawaheshimu, ila katika hili naona wamekosea, na nitaeleza kwa nini.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu: Skenes ni mrushaji, yule anayesimama katikati na kumrushia mpigaji mpira. Msimu huu wapinzani wamepata kwake wastani wa mikimbio (ndizo alama za mchezo huu) 1.97 kwa kila mizunguko tisa, yaani mchezo mzima. Mrushaji wa kawaida wa ligi hiyo huruhusu minne na ushee. Pamoja na hayo, rekodi yake ni ushindi 10 na vipigo 10. Ni sawa na kipa anayefungwa bao moja kila baada ya mechi mbili, halafu timu yake inashuka daraja kwa sababu mbele hakuna mtu wa kufunga. Pirates wamemaliza 71 kwa 91, wa mwisho ligi nzima kwa mikimbio na wa mwisho kwa homurani, ule mpira unaopigwa ukavuka ukuta.

Niko Pittsburgh tangu 2016, na kabla ya hapo besiboli nilikuwa siijui hata kidogo. Aprili 26, 2017 nilikuwa kazini jikoni, televisheni iko juu ya jokofu, akaingia uwanjani Gift Ngoepe akiwa na Pirates, kijana wa Randburg, Afrika Kusini. Mama yake alikuwa mtunza klabu ya besiboli kule kwao na walikuwa wakiishi hapo hapo klabuni. Siku hiyo akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza Major League. Mara yake ya kwanza kushika gongo, Jon Lester wa Chicago Cubs akarusha, Ngoepe akaupiga mpira akafika salama besi ya kwanza, kituo cha kwanza cha kukimbilia. Niliacha sufuria motoni. Baadaye nikajifunza kwamba klabu hii hii, Septemba 1, 1971, ndiyo ya kwanza katika ligi hiyo kupanga wachezaji tisa wote Weusi na Walatino, Roberto Clemente akiwemo. Kwa hiyo siongei kama mpita njia. Ubingwa wa mwisho ni wa 1979. Kati ya 1993 na 2012 walipoteza michezo mingi kuliko waliyoshinda misimu 20 mfululizo. Watu wamezeeka wakisubiri.

Sasa hoja yenyewe.

Wanaotaka Skenes auzwe wanasema hivi: klabu haitaweza kumlipa, ataondoka bure, bora auzwe leo thamani yake ikiwa juu tupate makinda wanne watano, vijana ambao bado hawajafika ligi kuu. Inasikika kama hesabu ya busara. Lakini Skenes yuko chini ya klabu hii mpaka mwisho wa msimu wa 2029. Ni misimu minne mizima, na mshahara wake mwaka huu haukufika dola milioni moja. Hakuna kitu cha bei nafuu zaidi ya hicho katika mchezo mzima wa besiboli. Ukiuza hicho, utanunua nini kilicho bora kuliko hicho?

Nawaombeni mrudi nami Januari 2018, maana ndipo jeraha lilipo. Ndani ya siku tatu Pirates waliwauza Gerrit Cole kwa Houston na Andrew McCutchen kwa San Francisco. Mwezi huo huo, Milwaukee Brewers, mji mdogo kama wetu, kundi moja na sisi, walikwenda Miami wakamchukua Christian Yelich. Mwaka haukuisha Yelich akawa mchezaji bora wa National League. Cole naye mwaka uliofuata, akiwa Houston, aliwatoa wapigaji 326 kwa strikeout, yaani kuwakosesha mpira mara tatu, kwa msimu mmoja. Miji miwili midogo, mwezi mmoja, kila mmoja ukashika njia yake. Niwe mkweli, biashara ya McCutchen ilituletea Bryan Reynolds, na Reynolds amekuwa nguzo. Ile ya Cole haikutuletea nguzo yoyote iliyosimama.

Halafu Julai ya mwaka huo huo, kana kwamba wamejuta, wakamnunua mrushaji Chris Archer kutoka Tampa Bay kwa kuwatoa Tyler Glasnow, Austin Meadows na Shane Baz. Archer akaumia, akaondoka. Glasnow tumemwona juzi, Novemba 1, akiwa na Los Angeles Dodgers wanachukua ubingwa. Uongozi uliokuwepo wakati ule haupo tena, meneja mkuu Ben Cherington alikuja Novemba 2019, hivyo simbebeshi yeye mzigo ule. Ninachosema ni kwamba klabu hii imekwisha kuuza mrushaji bora mara moja kwa ahadi ya kesho, na kesho hiyo haikufika.

Washington walifanya zaidi. Agosti 2022 walimuuza Juan Soto kwa San Diego na wakapata makinda wa uhakika: CJ Abrams, James Wood, MacKenzie Gore na wengine. Kwa karatasi ile ilikuwa biashara nzuri sana. Mwaka huu wamepoteza michezo 96 na meneja pamoja na mkuu wa usajili wamefukuzwa Julai. Kama malipo mazuri kiasi kile hayakuwatoa shimoni kwa miaka mitatu, sisi tutatokaje?

Mimi ningefanya hivi. Kwanza ni wapigaji wa mkono wa kushoto, na hili naliweka mbele ya yote kwa sababu ya uwanja wenyewe. PNC Park upande wa kushoto-kati una kona inayofika futi 410. Mpigaji wa mkono wa kulia anapiga mpira wa nguvu zote, unaishia kwenye glavu kule. Upande wa kulia ni futi 320 tu mpaka mlingotini, ingawa kuna ukuta wa futi 21, urefu uliowekwa kwa heshima ya Clemente aliyevaa namba 21. Mpigaji wa kushoto anayevuta mpira upande huo wa kulia ana faida hapo kila siku ya mchezo wa nyumbani, na nusu ya michezo yote ni ya nyumbani. Kyle Schwarber yuko huru Novemba hii ya 2025, kapiga homurani 56 akiwa Philadelphia, anapiga kwa kushoto. Najua wakubwa wote watamfuata. Klabu itoe ofa, ofa ya kweli, watu waione. Akikataa, yupo Ryan O'Hearn, wa kushoto pia, bei yake si ya kutisha, anacheza besi ya kwanza na pembeni. Mmoja kati ya hawa lazima awe Pittsburgh Machi ijayo.

Pili, tunao warushaji wa ziada, basi tuuze hao. Mitch Keller ana mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 77 unaokwisha 2028, bei inajulikana, na timu nyingi zinatafuta mtu wa aina yake. Akienda, bado wapo Skenes, Bubba Chandler, Braxton Ashcraft, na Jared Jones anayerudi kutoka upasuaji wa kiwiko. Keller kafanya kazi yake kwa heshima na sifurahii kuandika hivi. Ila ghala likiwa na mahindi tele na chumvi hakuna, unapeleka mahindi sokoni.

Oneil Cruz mnajua vituko vyake. Mei mwaka huu alipiga mpira uliotoka kwenye gongo kwa kasi ya maili 122.9 kwa saa, mkali kuliko wote tangu vipimo vya sasa vianze. Kaiba besi 38. Na bado wastani wake wa kupiga ni .200, yaani anafanikiwa mara mbili tu kwa kila kumi, na akikutana na mrushaji wa mkono wa kushoto anapotea kabisa. Abaki, lakini apumzishwe siku za warushaji wa kushoto mpaka ajifunze.

Konnor Griffin ana miaka 19, alichaguliwa wa tisa mwaka 2024 kwenye draft, zoezi la klabu kuchagua vijana wapya kwa zamu, na watu wanaohesabika katika mchezo huu wanamweka juu ya makinda wote. Acheni agombee nafasi Machi. Akishinda, apewe. Asirudishwe ngazi ya chini kwa sababu tu ya kuokoa mwaka mmoja wa mkataba.

Na McCutchen, miaka 39, arudi kama anataka. Hakuna haja ya kulijadili hilo.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu

Mkuu mmoja kaandika: "Brewers wanauza nyota kila mwaka na bado wanaongoza." Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote na sitaikwepa. Ni kweli. Mwaka huu Brewers wameshinda michezo 97, wengi kuliko timu yoyote, na walikwisha kumuuza Corbin Burnes kwa Baltimore mapema 2024. Lakini Burnes aliuzwa akiwa amebakiza mwaka mmoja. Si minne. Jambo la pili, Brewers wanajua kumfundisha kijana kupiga. Sisi tumemchagua Henry Davis wa kwanza kabisa mwaka 2021 na mpaka leo gongo lake halijatulia. Ukiwapa Pirates makinda watano wapigaji, unawapeleka kwenye shule ambayo haijafaulisha. Kwa hiyo nakubali nusu: kabla ya dola ya Schwarber, waletwe walimu wapya wa kupiga. Hili nilipaswa kuliweka juu kule, asante kwa kunikumbusha.

Mwingine anasema tatizo ni mfumo, ligi haina kikomo cha mishahara, Dodgers walimpa Shohei Ohtani mkataba wa dola milioni 700 wakati mkataba mkubwa kuliko yote katika historia ya Pirates mpaka 2025 ni wa Reynolds, milioni 106.75. Ndiyo, mfumo ni mbovu, na makubaliano ya sasa kati ya wamiliki na wachezaji yanakwisha Desemba 1, 2026, huenda yakabadilika. Lakini mfumo huo huo unazipa klabu ndogo fungu kutoka mapato ya klabu kubwa. Februari 2018 chama cha wachezaji kilifungua malalamiko dhidi ya klabu nne kuhusu matumizi ya fungu hilo, Pittsburgh ikiwa mojawapo. Mwaka huu, siku ya kwanza ya michezo ya nyumbani, uwanja uliimba mmiliki Bob Nutting auze timu. Watu wale hawakuwa wanadai waletewe Ohtani. Wanataka mtu wa kumsaidia Skenes kupata mkimbio wa tatu.

Dada aliyeuliza kuhusu Mganda: ni kweli kabisa, David Matoma, mrushaji kutoka Uganda, yuko na Pirates kwenye ngazi za chini, na mpira wake una kasi ya ajabu. Njia yake bado ndefu, warushaji vijana huumia, tusimpakie mzigo. Ila nikiwaza siku atakayopanda kilima cha warushaji cha PNC Park, sitaki akute Skenes alishaondoka zamani na viti vitupu.

Wanaoshikilia auzwe, nawaomba kitu kimoja. Msiniambie "makinda watano." Nitajieni timu, nitajieni majina, na mniambie ni nani kati yao atakayekuwa anapiga mpira Aprili 2026.