Mjadala: East Village ya San Diego ilijengwa na uwanja wa besiboli, au na mkataba?

Kipimapembe:

Wadau, hoja iliyo mezani ni hii. Novemba 1998 wapigakura wa San Diego, California, walipitisha Pendekezo C kwa karibu asilimia 60. Jiji lingechangia uwanja mpya wa timu ya Padres katikati ya mji, kwenye mtaa wa maghala wa East Village, na vitalu 26 vya eneo hilo vingepangwa upya. Makadirio ya kwanza yalikuwa dola milioni 411: jiji 225, shirika lake la kuendeleza katikati ya mji (CCDC) 50, Mamlaka ya Bandari 21, timu 115. Uwanja huo, Petco Park, ulifunguliwa Aprili 2004, gharama ikiwa imevuka milioni 450. Leo minara ya makazi imeuzunguka, na kila jiji linalotaka uwanja mjini huutaja kama ushahidi.

Swali: kilichootesha mtaa ule ni uwanja, au ni masharti yaliyosainiwa kabla ya msingi kuchimbwa?

Mimi nasema masharti. Tazama jiji la St. Louis, Missouri. Uwanja wake mpya wa besiboli, Busch Stadium, ulifunguliwa 2006 kwa ahadi ya mtaa wa maduka na makazi kando yake, Ballpark Village. Awamu ya kwanza ya mtaa huo ikafunguliwa 2014. Miaka minane mizima mashabiki walipita kando ya kiwanja kisichojengwa, na michezo 81 ya nyumbani kwa msimu ilikuwa ikichezwa hatua chache tu kutoka hapo. Mashabiki peke yao wangetosha, mtaa ungeota wenyewe.

Hesabu_Wazi:

Mkuu, unausifia mkataba bila kuufungua. Tuufungue.

Hatifungani za takriban dola milioni 169 ziliuzwa mwanzoni mwa 2002. Hazikuwa za aina inayohitaji theluthi mbili ya kura. Chombo cha fedha cha jiji kilikopa, jiji likawa mpangaji wa chombo hicho, na kodi ya pango ndiyo inayolipa deni. Kodi hiyo inatoka mfuko mkuu, ule ule wa polisi, zimamoto na maktaba. Waliounga mkono walisema hoteli mpya zitaurudishia mfuko huo fedha kupitia kodi ya malazi, ambayo wakati huo ilikuwa asilimia 10.5.

Haya, chukua hoteli ya vyumba 500, bei ya wastani dola 200, vyumba vikijaa asilimia 75. Ni usiku 136,875 kwa mwaka, mapato dola milioni 27.4, kodi milioni 2.87. Sasa chukua mkopo wa milioni 169 kwa miaka 30, riba tuiweke asilimia 7: malipo ni kama milioni 13.6 kwa mwaka. Unahitaji hoteli tano za ukubwa huo, na zote zijae wageni ambao bila uwanja wasingelala San Diego kabisa. Nusu yao wakiwa ni watu waliohama tu kutoka hoteli za Mission Valley, sehemu nyingine ya jiji hilo hilo, unahitaji karibu kumi. Hoteli ya Omni, iliyounganishwa na uwanja kwa daraja la juu, ina vyumba 511. Hiyo ni moja.

Halafu soko likageuka. Sehemu ya ofisi zilizokuwa kwenye mpango wa awali iligeuzwa kuwa apatimenti za kuuza, kwa sababu apatimenti ndizo zilizokuwa zikinunuliwa. Mwenye apatimenti halipi kodi ya malazi hata senti.

Kipimapembe:

Lakini analipa kodi ya majengo, na eneo lile lilikuwa chini ya utaratibu wa kufungia thamani ya msingi, yaani kodi ya kinachozidi thamani hiyo inabaki kuendeleza eneo lenyewe. Kitalu kilichokuwa na thamani ya dola milioni 2, mnara wa milioni 100 ukisimama juu yake, ongezeko ni milioni 98. Kodi ya California ni asilimia 1 ya thamani, kwa hiyo dola 980,000 kila mwaka zilikwenda kwa wakala wa uendelezaji. Tena apatimenti zina faida ambayo wengi huisahau. Tangu 1978 sheria ya jimbo hairuhusu thamani ya kutozea kodi kupanda zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka mali iuzwe. Mnara wa kupangisha unaweza kukaa miaka 20 mkononi mwa mmiliki mmoja. Apatimenti hubadilisha mikono, na kila zikiuzwa zinathaminiwa upya.

Hesabu_Wazi:

Sawa kabisa, ila umejaza chungu kingine. Ongezeko lile lilifungwa kwa kazi za eneo lile lile, na asilimia 20 yake kisheria ilitengwa kwa nyumba za kipato cha chini na cha kati. Kodi ya malazi ndiyo ingeingia katika hazina iliyosaini kulipa pango. Ukijenga apatimenti badala ya hoteli unaweza kusimama jukwaani na kuonyesha kwa haki kabisa kwamba mapato ya kodi yamepanda, huku mfuko unaolipa deni ukibaki na pengo. Na Februari 2012 jimbo likazivunja wakala zote za uendelezaji. Ongezeko likaanza kugawanywa kwa shule, kaunti na wengineo, jiji likapata fungu lake tu.

Kwa hiyo sharti la kwanza kwa jiji lolote: mkataba utaje deni linalipwa na chungu kipi, na mwendelezaji milki akibadili matumizi ya kiwanja, afidie chungu hicho hicho kwa kiasi kinachopigwa hesabu siku ya kubadili. Neno “uendelezaji wenye thamani sawa” halitoshi.

Fundi_Mitaa:

Naona mmezama kwenye fedha. Mtaa unaweza kulipa kila deni na bado ukawa umekufa kuanzia saa kumi na mbili jioni. Michezo 81 maana yake siku 284 hakuna mchezo. Mtaa unapangwa kwa ajili ya hizo 284.

Vitalu vya katikati ya San Diego ni vidogo, futi 200 kwa 300, yaani kama mita 61 kwa 91. Kwa mtembea kwa miguu hiyo ni neema. Kwa mwenye kujenga mnara ni mtihani. Moduli moja ya maegesho, safu mbili za magari na njia katikati, inakula kama mita 18. Ukipanga moduli tatu kwenye upana wa mita 61 unabaki na mita 7 kwa kila kitu kingine. Mhandisi anafurahi, magari yameingia mengi, na upande wa barabara unapata duka la kina cha mita 7. Mgahawa unataka mita 12 hadi 18 ukihesabu jiko, stoo na vyoo. Ndiyo maana unaona “maduka” yamechorwa kwenye ramani, jengo likakamilika, vioo vikabandikwa karatasi miaka mitatu. Dawa ni moduli mbili tu ghorofa ya chini, kama mita 36, zibaki 25 za biashara na lango la wakaazi. Kushuka chini ya ardhi kunawezekana, ila kadiri unavyosogea ghubani maji ya ardhini hukaribia, na gharama ya kuyasukuma na kuyazuia hupanda.

Jambo la pili linasahaulika kila mahali: bomba la moshi. Jiko la mgahawa linahitaji njia ya hewa ya wima kutoka ghorofa ya chini hadi paa, chemba ya kunasa mafuta kabla maji hayajaingia bomba la taka, na urefu wa sakafu hadi sakafu wa mita 4.5 angalau. Mnara wa ghorofa 20 uliomalizwa bila hiyo njia hauwezi kutobolewa baadaye, maana njia hiyo ingepita katika vyumba ambavyo tayari vina hati ya mtu. Duka hilo litakuwa benki au saluni maisha yake yote. Kwa hiyo kibali cha ujenzi kiseme: angalau theluthi moja ya maduka yanayotazama barabara iwe na njia ya moshi, hata kama mpangaji hajapatikana.

Petco yenyewe ilipangwa vizuri kuliko viwanja vingi. Jengo la matofali la Western Metal Supply la mwaka 1909 liliachwa ndani ya uwanja, na kona yake ndiyo nguzo ya mpaka wa eneo la kuchezea upande wa kushoto. Nyuma ya uzio wa mbali pana kilima cha nyasi kinachotumika kama bustani siku zisizo na mchezo. Lakini barabara ya 8 na ya 9 zilikatwa, na upande wa kusini reli ya mizigo na ya tramu zinapita kati ya uwanja na ukumbi wa mikutano. Daraja la waenda kwa miguu juu ya reli hizo na barabara ya Harbor Drive lilifunguliwa 2011, miaka saba baada ya uwanja. Kitu kama hicho kinapaswa kuwa katika bajeti ya siku ya kwanza, kwa sababu kuvusha watu juu ya reli hai kunahitaji ruhusa ya kampuni za reli na mdhibiti, na hao hawana haraka na ratiba ya mtu yeyote.

Kipimapembe:

Na usafiri? Wengi husifu tramu.

Fundi_Mitaa:

Isifiwe kwa kipimo. Tuchukulie mashabiki 40,000 na asilimia 30 wapande tramu: 12,000. Treni ya mabehewa matatu tuipe watu 450 waliobanana. Ni treni 27. Zikiondoka kila baada ya dakika tatu, wa mwisho anangoja saa moja na theluthi. Kurefusha treni hakusaidii, kwa sababu kitalu ni kile kile kifupi, na treni ndefu ikisimama itaziba njia panda. Kinachosaidia ni watu wasitoke wote pamoja, na hapo ndipo migahawa ya karibu inafanya kazi ya uchukuzi bila kulipwa: inashikilia watu elfu kadhaa kwa saa moja. Mgahawa usio na bomba la moshi haushikilii mtu.

Chumba_kwa_Wiki:

Hakuna aliyetaja waliokuwa pale kabla. East Village haikuwa tupu. Kulikuwa na wasanii kwenye maghala, makazi ya wasio na nyumba, na hoteli za vyumba vya mtu mmoja, bafu la pamoja, kodi kwa wiki. Mtu anayelipa kwa wiki haondolewi na tingatinga. Anaondolewa na tangazo. Siku kura inatangazwa, bei ya kiwanja inapanda, na mmiliki hana sababu ya kutengeneza paa linalovuja. Chumba kimoja kimoja kinafungwa. Kufikia siku ya kuhesabu wa kufidiwa, jengo lina wapangaji wachache, na ripoti inasema athari ni ndogo.

Ile asilimia 20 aliyoitaja Hesabu_Wazi ni nzuri, lakini ni fungu la ongezeko, na ongezeko huja baada ya mnara kusimama na kuthaminiwa. Anayeondolewa mwaka wa kwanza anasubiri fedha zinazozaliwa mwaka wa sita. Wenye mipango husema “pengo la muda”, kana kwamba mtu anaweza kulala humo. Na leo East Village ni mojawapo ya sehemu za San Diego zenye watu wengi zaidi wanaolala barabarani.

Ninachodai ni kwamba sensa ya vyumba ifanywe kabla tarehe ya kura haijatangazwa, idadi hiyo iwe ndiyo msingi wa fidia, na vyumba mbadala viwe na watu ndani yake kabla kibali cha kwanza cha kubomoa hakijatolewa.

Hesabu_Wazi:

Vyumba mbadala kabla ya kubomoa, kwa fedha zipi? Ndizo hizo hizo zisizokuwepo.

Chumba_kwa_Wiki:

Za hatifungani. Kama jiji linaweza kukopa kwa ajili ya viti na nyasi, likope dola milioni 15 za ziada kwa ajili ya vyumba, ziingizwe kwenye gharama ya mradi na wapigakura waone bei kamili.

Kipimapembe:

Hapo nakubali, ingawa nahofia ucheleweshaji. San Diego ilianza kujenga Mei 2000, ikasimama Oktoba kwa kukosa fedha za hatifungani, kesi moja baada ya nyingine zikiwa mahakamani. Januari 2001 diwani mmoja alijiuzulu baada ya kukiri makosa madogo ya kutotangaza zawadi alizopokea kutoka kwa mmiliki wa timu, ambaye hakushtakiwa. Kazi ikaanza tena 2002. Nondo zilisimama kwenye hewa ya chumvi zaidi ya mwaka. Kila sharti jipya ni mlango mpya wa kesi.

Fundi_Mitaa:

Kesi hazikuletwa na masharti mengi, mkuu. Mkataba uliosainiwa kabla ya tathmini ya athari na kabla ya fedha kupatikana ndio uliowapa wanasheria kazi.

Kuna anayeuliza kama haya yanahusu Temeke, kandokando ya Uwanja wa Benjamin Mkapa. Kidogo sana. Timu ya Ligi Kuu ya Tanzania ina michezo 15 ya nyumbani kwa msimu. Hata timu mbili zikitumia uwanja mmoja ni 30. Mgahawa hauwezi kuishi kwa 81, sembuse 30. Masharti ya ghorofa ya chini yanahamishika, hesabu ya hoteli haihamishiki.

Hesabu_Wazi:

Turudi San Diego, kuna kipande kinachoweza kupimwa bado: Tailgate Park, maegesho ya wazi ya jiji mashariki ya uwanja, yenye nafasi kama elfu moja. Mwaka 2020 jiji lilichagua kundi la Padres na kampuni ya Tishman Speyer lipajenge. Uwanja ulitimiza miaka 20 mahali pakiwa bado lami. Kama uwanja huotesha mtaa, mbona kiwanja kilicho karibu nao kuliko karibu vyote ndicho kilichobaki nyuma?

Kipimapembe:

Kwa sababu timu ilikuwa na haki ya kukitumia kwa maegesho siku za mchezo. Haki hiyo imo kwenye mkataba. Umenisaidia hoja yangu.

Chumba_kwa_Wiki:

Basi ni mkataba huo huo unaoulinda upande mmoja kwa maandishi na upande wa pili kwa ahadi. Fundi, kwenye ile theluthi yako ya njia za moshi, ongeza mstari mmoja: kodi ya duka ipangwe kwa siku 284, siyo 81.

Fundi_Mitaa:

Naongeza. Ila atakayesaini ni mwenye jengo, na benki yake ilishapiga hesabu ya 81.