Naomba ushauri: nitatambuaje kompyuta za ofisini zilizotangazwa kurejeshwa kwa mtengenezaji?

Mtunza Vifaa: Habari wakuu. Ninasimamia kompyuta mpakato za ofisi yetu, na nimetakiwa kuonyesha ni zipi zinaguswa na matangazo ya watengenezaji. Nina orodha ya manunuzi yenye majina ya matoleo pekee. Je, inatosha?

Fundi Mstaafu: Haitoshi, mkuu. Tangazo la HP la Januari 2018, lililopanuliwa Januari 2019, lilihusu betri zilizoweza kupata joto kali na kushika moto, nazo nyingine ziliuzwa kama vipuri. Kwa hiyo kompyuta mbili za toleo moja zinaweza kutofautiana. Kwa Lenovo ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha tano, ambayo skrubu iliyolegea ingeweza kuharibu betri, kilichoamua ni tarehe ya kutengenezwa: Desemba 2016 hadi Oktoba 2017. Soma lebo ya chini, kisha endesha amri ya Windows powercfg /batteryreport upate namba ya betri yenyewe.

Mama Neema: Mimi nasema andika barua, ubaki na nakala yenye muhuri. Niliwahi kuripoti printa mbovu kwa mdomo, na mwisho wa mwaka nikaulizwa ni nani aliyeiharibu.

Fundi Mstaafu: Kuna betri iliyovimba?

Mtunza Vifaa: Kwa kuwa umeuliza, zipo mbili, na kipanyaguso kimeinuka. Nilizifungia stoo ya mafaili, na nimeagiza betri za bei nafuu kwa fundi wa mtaani, kwani mwaka wa fedha unafungwa Juni na siwezi kumngoja mtengenezaji.

Kinyozi wa Hoja: Stoo ya mafaili! Ukaguzi wa hesabu utakuwa mfupi mwaka huu.

Msomaji Makini: Uzi huu umetungwa. Matangazo ya 2018, betri zinavimba leo, na ofisi haitajwi? Huyu anauza betri.

Mtunza Vifaa: Siuzi chochote. Hizo mbili zilikuja kama msaada zikiwa zimeshatumika, na ofisi siitaji kwa sababu mkuu wangu wa idara husoma hapa.

Fundi Mstaafu: Hata kama ni hadithi, jibu ni lilelile: usizichaji, usizitoboe, uzitenge na karatasi. Betri za zamani zisitupwe kabla namba zake hazijanakiliwa, kwa sababu bila namba hizo huna cha kumdai mtengenezaji.

Mtunza Vifaa: Fundi wa mtaani alizichukua jana jioni. Ngoja nimpigie simu.