Tupeane uzoefu: ndugu yako aliyezama ziwani, unaamini yuko wapi sasa?

Kirumba Juu: Wakuu, nimetoka msibani. Kijana kazama akivua dagaa, maiti haijaonekana, ukoo umeamua kuanua matanga. Mchungaji akasimama, akasema marehemu hakuokoka, tusijidanganye, yuko motoni. Mama yake kakaa mkekani anasikia yote. Imeniuma sana. Mliofiwa mkakosa hata kaburi, mnaamini nini?

Mama Zuhura: Poleni. Maneno hayo hayasemwi mbele ya mzazi. Kwetu Waislamu aliyezama anahesabiwa miongoni mwa mashahidi, pamoja na aliyekufa kwa tauni, kwa ugonjwa wa tumbo na aliyeangukiwa na jengo. Kaka yangu alikuwemo kwenye meli ya MV Bukoba ilipozama, 21 Mei 1996. Hatukumpata, akaswaliwa sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo. Nilikuwa mdogo, hofu yangu ilikuwa Munkar na Nakir, malaika wanaomhoji maiti kaburini: watamhojia wapi mtu asiye na kaburi? Ustadhi akaniambia aliyeliumba ziwa hashindwi kumpata mtu ndani yake. Jibu hilo limenitosha mpaka leo.

Nyakato: Amina.

Msabato wa Musoma: Hayuko motoni wala mbinguni. Mhubiri 9:5, wafu hawajui neno lolote. Amelala mpaka ufufuo. Hata Yesu alisema Lazaro amelala.

Bugando: Na Lazaro wa Luka 16, kifuani pa Abrahamu, naye kalala? Sisi Wakatoliki tunawaombea walioko toharani, wanakotakaswa kabla ya mbinguni, ndiyo maana 2 Novemba tunawaombea Misa. Mama huyo amwandikishe mwanawe aombewe.

Msabato wa Musoma: Ule ni mfano.

Bugando: Mfano wa kitu kisichokuwepo?

Kirumba Juu: Jamani, nimewauliza waliofiwa.

Mvuvi Igombe: Ngoja niseme, maana sijawahi kuyaandika. Tulitoka giza la mwezi. Upepo ukageuka ghafla, mtumbwi ukajaa, ukapinduka, taa zote zikazima. Nikakumbatia dumu la mafuta. Mwenzangu alishika ubao, tukawa tunaitana kwa majina. Ikafika mahali namwita, haitiki.

Baridi ikanitoka, nikasikia joto kama niko jikoni. Nikanusa moshi wa kuni. Nikamwona bibi yangu, marehemu wa siku nyingi, kakaa juu ya jiwe anapepeta mtama. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Aliniangalia mara moja, akaendelea na ungo wake. Kisha nikasikia injini, wenzetu wakanivuta.

Mwenzangu tulimkuta kwenye magugu maji. Mjane wake aliniuliza kama mumewe aliteseka. Nikamwambia kule nilikofika mimi hakukuwa na moto wala hofu. Sina zaidi ya hilo.

Nyakato: Mwili umenisisimka. Bibi angeitikia, ungebaki hukohuko!

Ng'wana Magu: Hao ni masamva, mizimu ya ukoo. Nenda nyumbani, wazee watambike, bibi apewe pombe ya mtama. Alikurudisha yule.

Mteule: Usithubutu! Roho hizo huja na sura za ndugu. Katafute maombi.

Muuguzi: Mwili ukipoa kupita kiasi mtu anaweza kusikia joto na kuona vitu. Usijitese kutafuta maana.

Mvuvi Igombe: Dada, nakuelewa. Ila bibi nilimwona.

Bugando: Mwenzako mwombee Misa.

Msabato wa Musoma: Amelala huyo, haihitaji.

Rorya: Mnabishana, mama hana hata kaburi la kupalilia. Kwetu Waluo maiti isipopatikana tunazika tunda la yago. Linalazwa kaburini badala ya mtu, watu wanalia, udongo unafukiwa. Mjomba tulimzika hivyo, na shangazi akaanza kula siku ile.

Kirumba Juu: Mama huyu ni mtu wa Shirati, hukohuko kwenu Rorya! Mbona hakuna aliyelisema hili msibani? Yago hapa Mwanza nalipata wapi?

Rorya: Ni mwegea, ule mti wenye matunda marefu yanayoning'inia. Waulize wauza dawa za asili. Ila waanze wazee wa ukoo, usilipeleke peke yako.