Binti yangu anataka kusomea udaktari Ujerumani: nimlipe wakala?

Habari za huko, ndugu zangu. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na biolojia), na amefaulu vizuri. Anataka kusomea udaktari Ujerumani kwa kuwa tumesikia huko hakuna ada. Hapa Dar kuna bwana anasema kwa milioni nne atampatia nafasi ya chuo, aondoke Septemba. Nilipe?

Mama, Mbagala

*

Shikamoo mama. Tafadhali usilipe. Nafasi ya udaktari hapa Ujerumani haiuzwi. Maombi anayatuma binti mwenyewe, na vyuo vingi vinayapokea kupitia uni-assist, ofisi inayokagua maombi ya wanafunzi wa nje kwa niaba ya vyuo, ambako chuo cha kwanza ni euro 75 na kila kinachofuata ni 30.

La ada ni kweli kwa vyuo vingi vya serikali: unalipa mchango wa muhula tu. Ila jimbo la Baden-Württemberg, waliko Heidelberg na Tübingen, linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kinachokwamisha familia nyingi ni Sperrkonto, akaunti ya kuonyesha kwamba mwanafunzi ana pesa ya kuishi. Ubalozi unataka kuona euro 11,904 za mwaka mzima, na akifika anaruhusiwa kutoa 992 kwa mwezi. Pesa ni yake, atailipia chumba na chakula, lakini lazima iwepo yote kabla ya viza. Hiyo milioni nne ianzie huko.

Sasa hiyo Septemba. Udaktari katika vyuo vya serikali unafundishwa kwa Kijerumani, na vyuo vinataka kiwango cha C1, yaani lugha ya juu kabisa ya kusomea, au karibu nacho. Mwisho wa kuomba muhula wa Oktoba kwa kawaida ni tarehe 15 Julai. Mtu ambaye hajaanza lugha hawezi kuondoka mwaka huu, na anayesema anaweza anawadanganya.

Cha kwanza aangalie kwenye anabin, tovuti ya Ujerumani ya kulinganisha vyeti vya nje, jinsi cheti chake kinavyotambuliwa. Changu kilinipeleka Studienkolleg, mwaka mmoja wa maandalizi kabla ya chuo. Wa udaktari wanasoma M-Kurs: biolojia, kemia, fizikia, hisabati na Kijerumani. Mtihani wa kuingia wenyewe ni wa Kijerumani. Wiki ya kwanza mwalimu wa kemia alichora pete ya benzini ubaoni akanitaka nieleze. Pete ile naijua tangu kidato cha tano, ningeichora nimefumba macho. Nilisimama pale kimya, darasa zima likinitazama, kemia ninayo na maneno sina. Usiku ule nililia. Kwa hiyo nakusihi mama, binti aanze lugha leo, hata kabla ya kujaza fomu yoyote.

Na ajue ushindani ni mkali. Hata akimaliza Studienkolleg hapa, bado atahesabiwa kwenye fungu la wageni, ambalo katika udaktari ni takriban nafasi 5 kwa kila 100. Alama za mtihani wa mwisho wa Studienkolleg zitampigania sana. Akipata, masomo ni miaka sita na miezi mitatu.

Dada yenu, Leipzig

*

Dada kasema kweli tupu. Naongeza la majina. Vyeti vyangu vya shule vina majina matatu, pasipoti ina mawili, na barua ikaja kuuliza kama huyu ni mtu yule yule. Nilikimbizana na kiapo cha wakili kutoka Mombasa hadi tarehe ya mwisho ikanipita, nikapoteza mwaka. Mama, keti na binti usiku huu, mpange cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na pasipoti mezani, msome herufi kwa herufi. Kama kuna tofauti, irekebisheni sasa.

Halafu, kuna watakaomwambia aje kwanza kwa mafunzo ya uuguzi, miaka mitatu, analipwa mshahara. Ni kazi ya heshima na inalisha watu wengi huku, lakini aichague kwa kuwa anaipenda. Asidhani itamfungulia udaktari yenyewe tu.

Kaka yenu, Köln

*

Ahsanteni sana wanangu, Mungu awazidishie. Yule bwana nimemwambia hatulipi. Vyeti tumevipanga: kwenye cheti cha kuzaliwa jina la babu lina herufi moja zaidi. Kesho tunakwenda RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa. Binti ameshafungua hiyo anabin, anasema yote ni Kijerumani.

*

Asiifunge, mama. Jumapili jioni nitampigia, tuisome pamoja mstari kwa mstari.

Dada yenu, Leipzig